Mimba Haikutoi Kwenye Harakati

  Wadogo zangu, leo hapa kibarazani maswali mengine yote nimeyaweka kando yasubiri zamu yake, kwa sababu ya barua moja.

Aliyeiandika ana miaka 21, yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Nimeifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha. Anasema hivi:

"Dada, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wasichana hapa chuoni. Huwa tunakwenda shule za sekondari kuzungumza na wadogo zetu kuhusu hedhi, ukatili wa kijinsia na mimba za utotoni, na mimi ndiye ninayeshika maiki. Sasa nina mimba ya miezi mitano. Mhusika alimaliza chuo mwaka jana, simu zangu hapokei tena. Mama yuko kijijini, hajui. Wiki iliyopita mwenyekiti wetu aliniita pembeni akaniambia nipumzike kwanza uongozi, maana nikisimama mbele ya wanafunzi na tumbo hili watu watasema, hawa ndio wanaotufundishia watoto? Sikumjibu. Nilirudi hosteli nikalia. Dada, naona kama ana haki. Nitasimama wapi tena? Bado mimi ni mwanaharakati kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la mwisho jibu lake ni ndiyo. Ningeweza kuishia hapo. Lakini umesema unaona kama mwenyekiti ana haki, na neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo sijawahi kulisimulia hapa kibarazani.

Rula na wino mwekundu

Nilisoma sekondari ya bweni. Kila tuliporudi kutoka likizo, kabla hata hatujafungua matranka, wasichana tulipimwa mimba. Tulipangwa mstari nje ya chumba kidogo. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma na mama mmoja mwenye gauni jeupe. Unalala chali, unapandisha blauzi, anakubonyeza chini ya kitovu kwa vidole vinne huku macho yake yakiangalia dari, kama mtu anayepapasa kitu gizani. Hakusalimii, hakuulizi jina. Akimaliza anasema, "Mwingine." Nilikuwa sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana, na bado nilitoka pale miguu ikitetemeka, najiuliza itakuwaje wakisema ipo.

Tulipokuwa kidato cha tatu walisema ipo kwa msichana aliyelala kitanda cha chini yangu. Usiku ule hakurudi bwenini. Kesho yake mchana tulimwona mlinzi akitoa tranka lake, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kanga, na yeye akifuata nyuma bila sare. Kwenye Hisabati alikuwa wa pili darasa zima. Mimi nilikuwa monita, ndiye niliyekuwa nabeba rejista kutoka ofisini, kwa hiyo nililiona jina lake kabla ya wengine. Lilikuwa limepigwa mstari kwa rula na wino mwekundu. Mstari umenyooka vizuri kabisa, aliyeupiga hakuwa na haraka.

Unajua sisi wenzake tulifanya nini? Tulisema, "Kajitakia." Na mimi nilisema. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba mwalimu alipiga mstari mmoja tu kwenye karatasi, na wa pili tukaupiga sisi kwa midomo yetu.

Sasa mrudie mwenyekiti wako. Sidhani ana roho mbaya. Anaogopa kuchekwa, na anakipenda kikundi. Lakini rula aliyoishika ndiyo ile ile.

Ushindi huu ulipiganiwa kwa ajili ya nani?

Mstari ule mwekundu haukuwa ukatili wa mwalimu mmoja. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuolewa, na mimba ikasomwa humo humo ndani ya "maadili". Juni 2017, akihutubia wananchi mkoani Pwani, Rais John Magufuli alisema wazi kwamba katika utawala wake mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shuleni. Kilichokuwa mazoea kikawa msimamo wa nchi. Wakati huo Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha shule wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994, na Zanzibar, ndani ya Jamhuri yetu wenyewe, ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango wa kuendelea na masomo.

Watu hawakulala. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na shirika la Center for Reproductive Rights, waliipeleka Tanzania mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya mimba anaweza kurudi kwenye mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Mwaka 2022 Kamati ile ikatoa uamuzi wake: kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza shule ni kuvunja haki za mtoto. Nilipousoma uamuzi huo nilikumbuka vile vidole vinne chini ya kitovu changu. Kumbe kulikuwa na watu waliokaa mezani, wakaandika, wakasafiri, ili kusema kwamba lile halikuwa jambo la kawaida.

Nakuuliza wewe na mwenyekiti wako, kazi yote hiyo ilifanywa kwa ajili ya nani? Ilifanywa kwa ajili ya msichana mwenye tumbo. Kikundi chenu kikienda sekondari leo kumwambia binti kwamba akijifungua anaweza kurudi darasani, kinasimama juu ya ushindi huo. Kitamwambiaje hivyo na huku kimemtoa katibu wake kwa sababu ya mimba? Wanafunzi wa kidato cha pili wana macho. Wataona maneno yanakwenda huku na matendo yanakwenda kule.

Harakati zetu zina mizizi hapa hapa

Kuna watakaokuambia ufeministi ni mambo ya kuiga, umekuja kwa simu na vitabu vya Wazungu. Waambie waulize habari za Mlimani mwaka 1990.

Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na kitu kikiitwa Punch, kundi la siri la wanafunzi wa kiume lililobandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi wenzao wa kike. Mwanafunzi mmoja, Levina Mukasa, aliandamwa na kunyanyaswa, na Februari 1990 akajitoa uhai. Wanawake wa Mlimani hawakukubali kifo chake kipite kimya. Waandishi wa habari wanawake waliokuwa wameanzisha TAMWA mwaka 1987, wenye jarida la Sauti ya Siti lililopewa jina la mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar, walilibeba suala hilo mpaka nje ya geti la chuo. Walikuwa miongoni mwa walioendelea kudai sheria mwaka hadi mwaka, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, tunayoiita SOSPA. Shirika la TGNP nalo, lililoanzishwa mwaka 1993, kwa miaka mingi limefungua viwanja vyake vya Mabibo siku za Jumatano kwa semina za jinsia, na pale mama wa sokoni hukaa benchi moja na msomi wa shahada.

Kisha akaja binti wa kizazi kilicho karibu na chenu. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua kesi kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka huo huo, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikakubaliana naye. Mwaka ule mmoja ulipita vifungu vikiwa vile vile. Kwa hiyo msidhani kazi imekwisha, na msidhani tuna watu wa ziada wa kutupa.

Haki ya uzazi ni moja

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, wote, mliobeba mimba na ambao hamjabeba.

Wengi wetu tukisikia "haki ya uzazi" tunafikiria kuzuia mimba peke yake. Hiyo ni sehemu. Haki ya uzazi ni mwanamke kuamua mwenyewe kama atazaa, lini, watoto wangapi, na akizaa, azae akiwa salama na alee bila kudhalilishwa. Haki hiyo inaanzia mbali kuliko wodi ya wazazi. Iko kwenye dirisha la famasi, muuzaji anapomwuliza binti kwa sauti, "Hizi kondomu za nini?" Iko kwenye ofisi ya mhadhiri anayekuambia matokeo yako uyafuate jioni, ukiwa peke yako. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa, kifungu cha 25, kikaririni. Haki hiyo iko hata kwa mwenye nyumba anayekataa kumpangisha mwanafunzi mwenye mtoto.

Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliridhia mwaka 2007, inaeleza afya ya uzazi ya mwanamke kuwa haki yake katika ibara ya 14. Ukilishika hilo, utaona kwamba msichana anayedai apewe kijiti cha uzazi wa mpango bila kusimangwa na msichana anayedai arudi darasani na maziwa kifuani wanadai kitu kimoja. Wote wanasema, mwili huu ni wangu, na maisha yangu hayakatwi kwa rula. Kikundi kikimtetea wa kwanza na kumwonea haya wa pili, kimeacha nusu ya haki njiani.

Takwimu za Utafiti wa Afya na Demografia wa mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Wapange wasichana 50 wa umri huo, utakuta 11. Ukiingia sekondari ya juu au mwaka wa kwanza chuoni ukazungumza kana kwamba hakuna mama ndani ya chumba, kuna mtu unamfuta bila kujua.

Sasa wewe, mambo ya kufanya

Nitakuambia kama dada yako wa tumbo moja. Machozi yameshatoka, na yalikuwa na haki ya kutoka. Sasa tupange.

*Kliniki kwanza.* Kama hujaanza, anza wiki hii, usisubiri kuandamana na mtu. Chukua kadi, upimwe damu, presha na mkojo, upimwe virusi vya UKIMWI na kaswende, upewe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, upewe dawa ya kuzuia malaria. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane kwa mimba moja, na wewe umebakiwa na miezi minne tu. Ukitokwa damu, kichwa kikikuuma sana huku macho yanaona ukungu, uso na mikono ikivimba, ukipata homa kali, au mtoto akiacha kucheza, usingoje asubuhi. Mwamshe mwenzako chumbani, mwende hospitali usiku huo huo.

*Chuo.* Keti na kalenda. Hesabu wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, uone tarehe ya kujifungua inaangukia wapi, katikati ya semesta, wakati wa mitihani ya chuo (UE) au likizo. Kisha nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi ukiwa na tarehe hiyo mkononi. Uliza mambo matatu: nikikosa mtihani kwa sababu ya kujifungua nafanyaje, nikiahirisha mwaka narudi kwa utaratibu gani, na mkopo wangu utakuwaje kwa kipindi hicho. Majibu yawe ya maandishi. Wasichana wengi wamepoteza nafasi zao kwa sababu waliondoka kimya kwa aibu na hakuna barua hata moja kwenye faili. Mimba haikukupotezea chuo. Kuondoka bila barua kunaweza kukupotezea.

*Mama.* Mwambie kabla tumbo halijamwambia. Kama unaogopa kumkabili peke yako, tanguliza mtu anayemsikiliza, shangazi au mama mdogo. Ukishamwambia, mwache akasirike. Atasema maneno ambayo baadaye ataomba usiyakumbuke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hasira yake kubwa ni hofu kwamba ndoto aliyokufanyia kazi imeondoka. Mwonyeshe ile barua ya chuo. Mama aliyeuza mahindi ili usome anataka kuona karatasi inayosema utamaliza.

*Baba wa mtoto.* Usimpigie tena usiku ukilia. Mtumie ujumbe mmoja, wenye adabu na wazi: mimba ina miezi mingapi, unategemea kujifungua lini, unahitaji nini. Uhifadhi. Akikaa kimya, afisa ustawi wa jamii yupo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili, hata kama hawakuoana. Kudai matunzo hakumaanishi kumng'ang'ania mwanamume. Unamsemea mtoto ambaye bado hana mdomo.

*Bumu.* Fedha zako za mkopo zikiingia, toa fungu la mtoto kabla ya kitu chochote. Beseni, kanga mbili safi, nguo chache za kichanga, nauli ya dharura ya usiku. Kanga huwa hazitoshi, kwa hiyo usione haya kupokea za kuazimwa.

*Baada ya kujifungua.* Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo. Kunyonyesha kunakinga mimba pale tu mambo matatu yanapokutana: mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi kitu kingine chochote, na hedhi yako haijarudi. Moja likiondoka, kinga imeondoka. Na wewe utakuwa unakwenda darasani, kwa hiyo usiitegemee. Kabla hujatoka wodini, zungumza na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango. Kijiti kipo cha miaka mitatu na cha miaka mitano, na unaweza kukitumia ukiwa unanyonyesha. Kitanzi cha shaba hukaa miaka kumi na zaidi. Sindano ni ya miezi mitatu. Katika vituo vya afya vya umma huduma hizi ni bure. Wataalamu wanashauri ipite angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na huo ndio muda unaokutosha kumaliza shahada.

Kwa wengine mnaosoma kimya

Najua humu ndani yumo binti wa sekondari anayesoma akiwa amejifungia chooni. Mdogo wangu, kama una chini ya miaka 18 na mtu mzima amekupa mimba, kwa sheria hilo ni kosa lake. Anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Piga 116, ni simu ya kumsaidia mtoto na haina gharama. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Kama umebakwa, wahi hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU baada ya hapo haifanyi kazi, na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi kadiri kinavyomezwa mapema. Na shuleni utarudi. Tunza karatasi zako zote.

Yupo pia anayefikiria kuitoa. Sitakuhukumu, nitakuambia ukweli. Sheria ya Tanzania inaruhusu mimba kuondolewa pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na kwa sababu hiyo wasichana wengi huishia mikononi mwa watu wa vichochoroni, wenye mizizi, vyuma na vidonge wasivyovijua. Mimi nimezika rafiki kwa njia hiyo, na mazishini hakuna aliyetamka kilichomuua. Tukiona haya kulitamka, tutaendelea kuzika. Kwa hiyo lishike hili: mimba ikiharibika kwa namna yoyote, ukitokwa damu nyingi, ukiwa na homa au maumivu makali ya tumbo, kimbilia hospitali. Huduma baada ya mimba kuharibika ni matibabu halali, na kazi ya daktari ni kukuokoa.

Na wewe kijana wa kiume uliyefika mpaka hapa, ahsante kwa kusoma. Kondomu iko mfukoni mwako pia. Kama kuna mtu ananyanyua simu mara ya kumi akikutafuta, pokea.

Notsi mara mbili

Nimalizie na kikundi chenu. Nilipokuwa chuoni tulisoma na dada mmoja aliyekuwa na mtoto wa miezi mitatu, amemwacha kwa bibi yake Temeke. Semina moja ya saa nane mchana, mhadhiri hakosi na dakika hazisogei, nikaona blauzi yake ya bluu inaanza kulowa mbele, upande mmoja, kisha wa pili. Maziwa yalikuwa yamejaa. Aliinama juu ya meza akajikumbatia. Wavulana wa nyuma wakaanza kunong'ona.

Msichana aliyeketi karibu yake alitoa kanga kwenye begi, akamzungushia mabegani bila kusema kitu, kama mtu anayemfunika mwenzake baridi. Akamwambia, "Nenda ukakamue, mimi nipo." Yule mama akatoka. Msichana akafungua daftari la mwenzake, akaliweka sambamba na lake, akaandika notsi mara mbili, mstari huku, mstari kule, mpaka semina ilipokwisha. Wote wawili walihitimu.

Nimehudhuria maandamano na makongamano mengi tangu siku ile, na nikiulizwa harakati za wanawake zinafananaje, hukumbuka madaftari yale mawili. Upande mmoja wa maisha yangu kuna jina lililofutwa kwa rula. Upande wa pili kuna notsi zilizoandikwa mara mbili. Kila kikundi cha wasichana katika kila chuo kinachagua kati ya hayo mawili, hata kama hakijakaa kikao kulijadili.

Kwa hiyo, katibu wetu, itisha kikao. Usiombe radhi. Omba mambo ambayo kikundi kinaweza kuyafanya: zamu ya notsi, mtu wa kukusindikiza kliniki, barua kwa uongozi wa chuo kudai chumba cha kunyonyeshea na utaratibu ulio wazi kwa wanafunzi wenye watoto. Hayo yatakusaidia wewe mwaka huu, na mwakani yatamsaidia mwingine ambaye leo hajui kama atayahitaji.

Na safari ya shule za sekondari, nenda. Mwili ukikuruhusu, simama na tumbo lako ushike maiki. Waambie ukweli wako wote, kwamba ungependa ingekuja baadaye, kwamba ni vigumu, kwamba unasoma na utamaliza. Binti anayeogopa atalisikia hilo kuliko mabango yote tuliyowahi kuchapisha. Na yule ambaye mimba yake tayari iko chini ya sketi ya sare, hakuna anayejua, atakutazama na kufahamu kwamba jina lake bado liko kwenye rejista.

Mwenyekiti, najua na wewe unasoma. Iweke rula chini, mdogo wangu. Chukua kalamu, fungua daftari la mwenzako.

Dada yenu,
Kibarazani.